Kabla Hamjamwita Mtu wa Skrepa

Hotuba kwa wamiliki, mafundi na waendesha pikipiki waliokusanyika Moshi. Naiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokuwa msibani, shambani au safarini.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wa bodaboda mlioacha vijiwe Jumamosi asubuhi, saa ambayo abiria wa sokoni ndio wanajaa, asanteni sana. Najua mmeacha hela barabarani. Mafundi wenzangu wa Majengo, Pasua na Kiboriloni, na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Ngarenaro na Unga Limited kule Arusha, karibuni Moshi.

Nimepewa mada ya bei. Pikipiki za zamani zimepanda bei, madalali wameanza kupiga simu, na kila mwenye pikipiki ya marehemu baba anauliza: ni shilingi ngapi? Bei nitaisema, tena kwa namba, maana asiyejua bei huibiwa mchana kweupe. Lakini mnisikilize mpaka mwisho. Pikipiki iliyokaa nyumbani miaka arobaini inapewa thamani na watu wawili: mgeni mwenye fedha, na ninyi mlioishi nayo. Mgeni ameshaanza kazi yake. Ninyi bado hamjaanza. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi Januari mwaka 2023, kwenye mnada mjini Las Vegas, Marekani, Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliuzwa dola 935,000. Geuzeni kwa shilingi: zaidi ya bilioni mbili. Sijasema milioni, nimesema bilioni. Kwa fedha hizo unanunua Boxer mpya mamia kwa mamia. Na ni pikipiki ya namna gani hiyo? Silinda moja. Ina pedeli, maana ilikuwa inawashwa kwa kupiga pedeli. Gurudumu la nyuma linazungushwa na mkanda wa ngozi badala ya cheni. Tangi lake limeshikwa kwenye fremu kwa mikanda ya chuma, ndiyo sababu wapenzi wake wanaiita Strap Tank, yaani tangi la mikanda.

Sasa kwa nini mtu alipe bilioni mbili kwa chombo ambacho hata kijana wa kijiweni hawezi kukitumia kubebea abiria mmoja? Sikilizeni historia yake. Mwaka 1941 mtu mmoja aliikuta ndani ya banda huko Wisconsin. Akaichukua, akakaa nayo miaka 66. Ilipofika kwa fundi wa kuifufua, vitu vingi vilikuwa vyenyewe: tangi lile lile, magurudumu yale yale, pulei ya mkanda ile ile, hata ngozi ya juu ya siti. Mmenisikia? Aliyelipa hakulipia kasi. Alilipia vitu kuwa vyenyewe, na kuwapo watu wanaoweza kusema vilikaa wapi, kwa nani, miaka yote hiyo.

Nani hapa ana banda nyumbani? Nani ana pikipiki ndani ya banda hilo, imefunikwa magunia ya kahawa, na kuku wanatagia kwenye siti? Naona mikono. Naona mikono mingi kuliko nilivyotarajia.

Mfano mwingine, kisha tuondoke huko kwenye mabilioni. Mwaka 2018, hapo hapo Las Vegas, Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa dola 929,000. Vincent kilikuwa kiwanda kidogo cha Uingereza, na mwaka 1955 kiliacha kabisa kutengeneza pikipiki. Lakini jina lake halijafa, na sababu mojawapo ni mtu aliyeitwa Rollie Free. Mwaka 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah, alitaka kupita maili 150 kwa saa na nguo zake zilikuwa zinashika upepo. Akazivua. Akabaki na chupi ya kuogelea, akalala kifudifudi juu ya Vincent, miguu imenyooka nyuma, akapita maili 150 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 240. Picha ya siku ile mpaka leo inazunguka duniani. Kila anayenunua Vincent leo ananunua na kipande cha siku ile, hata kama yake haikuwahi kukanyaga chumvi. Hadithi ikijulikana na watu, chuma kinapanda bei. Pikipiki zetu zina hadithi, tena nzito kuliko hiyo. Nani anazijua?

Tuulizane kwanza: kwa nini bei zinapanda sasa hivi? Sababu kubwa ni umri wa wanunuzi. Kijana wa Ulaya au Marekani aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1972 aliiona Kawasaki Z1 dukani, akaitamani, hakuwa na kitu. Leo ana nyumba, ana pensheni, watoto wameshaondoka, na ile hamu haijaisha. Mwaka 1969 Honda walitoa CB750 yenye silinda nne, breki ya diski mbele na kitufe cha kuwashia, wakaiuza Marekani kwa dola 1,495. Zile za mwanzo kabisa, ambazo wapenzi wake wamezoea kuziita za ukungu wa mchanga kwa jinsi kasha la injini linavyoonekana, leo mtu anazitafuta kwa tochi na akizipata analipa mara nyingi ya bei ile. Halafu upande wa pili, viwanda vyenyewe vilikufa. BSA ya Birmingham ilianguka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa 1983. Triumph za leo zinatoka kiwanda kingine, Hinckley, chini ya mwenye mali mwingine. Idadi ya zile za zamani haiongezeki tena. Inapungua kila mwaka kwa kutu, kwa ajali, na kwa skrepa.

Lakini ile sababu inayopandisha ndiyo hiyo hiyo inayoshusha. Kizazi kilichoipenda pikipiki fulani kikiondoka, wanunuzi nao wanaondoka. Pikipiki nyingi za kawaida za kabla ya Vita Kuu ya Pili hazigombaniwi tena kama zamani, kwa sababu waliozitamani utotoni wengi wameshatangulia mbele za haki. Kwa hiyo kijana, akija mtu akakwambia kopa SACCOS ununue pikipiki ya zamani kama unavyonunua kiwanja, mkatalie. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Sasa turudi nyumbani.

Pikipiki zetu zimekujaje huku mlimani? Za kwanza ambazo wazee wengi hapa mnazikumbuka ni za Kiingereza: BSA, Triumph, Matchless, Royal Enfield. BSA M20 peke yake, ile ya sisi (cc) mia nne tisini na sita, tuseme mia tano, valvu ubavuni, ilitengenezwa zaidi ya laki moja kwa ajili ya jeshi wakati wa vita. Vita ilipoisha, nyingi ziliuzwa kwa raia kila mahali Mwingereza alipokuwa amefika. Nembo ya kiwanda hicho ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana, maana kilianza kwa kutengeneza silaha. Huku kwetu, aliyepanda pikipiki zile alikuwa padri, mchungaji, bwana shamba, karani. Mtoto akisikia mlio akiwa kihambani, shamba la nyumbani, alikuwa anajua ni nani anapita kabla hajamwona.

Kisha zikaja za Kijapani: Honda, Yamaha, Suzuki. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, na ilipofika 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa. Wapo wazee humu ndani ambao familia zao zilipata pikipiki kwa fedha za msimu ule. Baridi ya Brazil, Honda ya Kibosho. Ndivyo dunia ilivyo.

Na mwaka huo huo wa 1977, mlango ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa: Namanga kimya, Holili kimya, mpaka mwishoni mwa 1983. Spea za Moshi na Arusha zilikuwa zinatoka wapi? Nairobi. Zikakatika. Mwaka 1978 vita ya Kagera ikaja, fedha za kigeni zikakauka, na pikipiki zilizokuwapo zikabaki zenyewe na mafundi wake. Mafundi hawa ndio walionifundisha kazi, na nataka mjue walifanya nini.

Gaskiti ilikatwa kwenye boksi la kadibodi, ikalowekwa kwenye oili usiku kucha. Bushi, kile kipete ambacho shafti huzunguka ndani yake, ilichongwa kutoka kwenye bomba kuukuu la shaba. Ringi za injini kubwa zilikatwa, zikapunguzwa kwa tupa, zikapimwa ndani ya silinda, zikapunguzwa tena. Viatu vya breki vilivalishwa lainingi ya lori, ikapigwa ribiti kwa nyundo ndogo. Tangi lililotoboka lilichemshiwa maji ndani mpaka harufu ya petroli iishe, ndipo likasogezewa moto. Asiyefanya hivyo alizikwa. Kwa njia hiyo pikipiki zilitembea miaka sita bila duka la spea. Zilibeba mishahara, zilibeba wagonjwa, zilibeba Neno la Mungu.

Nimekuja na kitu. Wa mbele wataona, wa nyuma nitawapitishia. Hii ni spana ya mwalimu wangu. Mdomo wake umeandikwa 1/4W. Ukichukua rula ukapima nafasi ya mdomo, unakuta ni zaidi ya nusu inchi, karibu milimita 13 na nukta tatu. Kwa nini basi imeandikwa robo? Kwa sababu kipimo cha Whitworth kinataja unene wa bolti, hakitaji upana wa kichwa cha nati. Mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, alikipanga mwaka 1841, na pikipiki za Kiingereza za zamani zimefungwa kwa nati za vipimo hivi na ndugu zake. Sasa kijana anakuja na seti yake ya milimita. Ya 13 haiingii. Anachukua ya 14: inaingia, inacheza. Anavuta. Nati inalika pembe, inabaki duara. Anachukua patasi. Baada ya patasi anachukua gesi. Na baada ya gesi, ndugu zangu, ile BSA haina tena kitu cha kuitwa asili upande ule. Yote hayo kwa sababu ya theluthi mbili ya milimita. Hii spana ndiyo iliyolinda pikipiki nyingi za mji huu, na mnunuzi wa Uingereza hata hajui kwamba ipo.

Hapa nafika kwenye jambo ninalobishana nalo. Dunia ina chombo chake cha magari na pikipiki za kihistoria, kinaitwa FIVA, kimekuwapo tangu 1966. Wao wanasema chombo cha kihistoria kiwe na angalau miaka 30, kiwe kimetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na kisiwe kinatumika kama usafiri wa kila siku. Uingereza nao wanaisamehe pikipiki kodi ya barabara ikifikisha miaka 40. Miaka naikubali. Utunzaji naukubali. Lakini hilo la kutotumika kila siku? Nenda Siha, nenda Mwika, utakuta Honda ya miaka ya themanini asubuhi hii hii imepakia madumu mawili ya maziwa. Kwa kipimo cha FIVA hiyo haijawa historia. Kwa kipimo changu, ndiyo historia yenyewe, na bado inaendelea kuandikwa.

Na lile bomba la shaba lililogeuzwa bushi, je? Mnunuzi wa nje akiliona anasema: imeharibiwa, punguza bei. Atapunguza kweli, na kwenye soko lake ana haki yake. Huko watu wanalipia kilichotoka kiwandani. Lakini mimi nasema bushi ile ni ushahidi wa mwaka 1979 mjini Moshi. Msiione aibu. Msiifiche kwa rangi. Ukipata ya kiwandani na unataka kuifunga, funga, lakini ile ya shaba usiitupe. Itie kwenye mfuko, andika imetoka kwenye pikipiki gani, nani aliichonga kama anajulikana, iweke pamoja na kadi. Vivyo hivyo kwa kabureta, kwa taa, kwa siti, kwa kila kitu unachokitoa.

Vijana, nanyi msidhani mko nje ya habari hii. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Wahandisi wao walikwenda kwenye nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi, wakaona hali ilivyo: mzigo umezidi, oili haibadilishwi mpaka injini ilie, vumbi kila mahali. Wakarudi wakachora injini inayovumilia, yenye pushirodi, vijiti vya chuma vya kusukumia valvu, badala ya cheni ya taimingi, vitu vichache vya kulegea, vitu vichache vya kurekebisha. Viwanda vingi vya China viliiga injini ile, na pikipiki nyingi mlizozizoea kwa jina la toyo, zilizojaza mji huu baada ya mwaka 2000, zina damu ya CG. Kwa hiyo mwenye CG ya zamani ana bahati: pistoni, ringi, gaskiti vinapatikana kwenye maduka yetu haya haya. Na wewe unayedharau chombo chako kwa sababu ni cha Kichina, unakalia mjukuu wa injini iliyochorwa kwa kutazama barabara kama zetu. Litunze daftari lake la sevisi. Honda nayo, watu walipokuwa wakiinunua, hakuna aliyefikiri kuna siku mnada utaitangaza.

Sasa nataja jambo lililonitoa machozi. Nilikwenda kwenye yadi moja ya skrepa, sitaitaja, natafuta bomba la kuchongea. Kwenye lundo, juu ya mabati na vitanda vilivyokatika, nikaona madigadi ya BSA. Nikafukua. Nikapata tangi, limebonyea lakini zima. Nikapata nusu ya fremu. Nasema nusu, kwa sababu nyingine ilishakatwa kwa gesi iingie kwenye lori. Nikauliza ilitoka wapi. Wakasema mlimani, kwa bibi mmoja, ilipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, vipande vipande, kwa kilo. Pikipiki ile nzima ina uzito wa kilo kama 170. Pigeni hesabu kwa mia kadhaa za shilingi kwa kilo. Haifiki hata laki mbili. Yule bibi hakukosea. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Waliokosea ni sisi tunaojua na tumekaa kimya.

Je, tutaendelea kukaa kimya? Je, kila wiki lori liende, na sisi tupo?

Basi tusikilizane kwa makini, hapa naomba wenye kalamu waandike. Kabla hujamwita mtu wa skrepa, kabla hujapokea simu ya dalali, tafuta namba mbili. Namba ya fremu, kwa pikipiki nyingi iko shingoni, pale usukani unapoingia. Namba ya injini iko kwenye kasha, mara nyingi chini ya silinda. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usitumie msasa. Usitumie tupa. Namba iliyoguswa na tupa, hata kama ni yako halali, polisi anaitazama kwa jicho la wizi na mnunuzi anaikimbia. Piga picha namba zote mbili. Kisha tafuta kadi. Kama kadi bado ina jina la marehemu, familia ikae, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, ndipo umiliki uhamishwe TRA. Kama kadi imepotea, anza polisi kuchukua taarifa ya upotevu, usisubiri mpaka mnunuzi awe mlangoni. Pikipiki yenye kadi na namba zinazosomana, na pikipiki ile ile bila kadi, ni vitu viwili tofauti kabisa sokoni. Na usipake rangi mpya ili kumfurahisha mnunuzi. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imepauka, ikishaondoka hairudi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pikipiki ngapi zimepotea hivyo?

Kuna la nyumbani pia, na hili tulizungumze kwa upole. Naijua familia moja ambayo mzee aliacha Triumph. Miaka mingi hakuna aliyeigusa. Mdogo wa mwisho peke yake ndiye aliyekuwa akija Desemba kuifuta, kuitilia oili kwenye silinda kupitia tundu la plagi, na kuzungusha injini kidogo kwa kiki ili isigande. Siku dalali alipotaja bei mbele ya watu, ndugu wote wakaitisha kikao. Mmoja akasema mimi ndiye mkubwa. Mwingine akasema mimi ndiye niliyempeleka mzee hospitali. Yule mdogo hakusema kitu. Mpaka ninavyoongea, Triumph imefungiwa stoo kwa kufuli mbili, hakuna anayeruhusiwa kuiona, na hakuna anayeitilia oili. Injini inaganda humo ndani. Bei ndiyo iliyoifunga. Ninyi wenye umri wangu na kuzidi, semeni mkiwa hai ni ya nani. Iandikeni kwenye wosia kama mnavyoandika kihamba, na msiangalie nani mkubwa, angalieni nani anaifuta vumbi.

Na yupo mama mmoja, muuguzi mstaafu, kwao ni upande wa Rombo. Ana Yamaha ndogo ya tustroki. Miaka yake ya kazi alikuwa anaondoka nayo zahanati asubuhi, boksi la chanjo limefungwa nyuma kwenye keria, anapanda mpaka vijiji ambavyo gari halifiki wakati wa masika. Chanjo ikipata joto imekufa, kwa hiyo alikuwa hasimami njiani hata kusalimia. Watu walikuwa wakimwona anapita wanajua, leo ni siku ya watoto. Wapo wanaume wazima huko, wana ndevu, waliochanjwa surua kutoka kwenye keria ile.

Alikuja mnunuzi, mtu wa mjini, mstaarabu, akampa bei nzuri. Mimi nilikuwapo, nimeitwa kuikagua. Bei ilikuwa ya haki, nilimwambia mama hivyo. Kwenye ile keria kuna mistari miwili ambako rangi imelika mpaka chuma kinang'aa, upana wa kidole gumba, upande wa kushoto na wa kulia. Ni kamba ya boksi la chanjo, ilisugua pale pale miaka yote. Mama akaigusa, akamuuliza mnunuzi: "Na hapa, baba, utapafanyaje?" Yule bwana akajibu vizuri tu: "Tutapasugua, mama, tupige rangi, itakuwa kama mpya." Mama akamkaribisha chai, wakanywa, wakaongea habari za mvua. Hakuuza.

Simwambii mtu asiuze. Nasema hivyo kwa nguvu kwa sababu najua hali za watu. Ada ya shule ipo, matibabu yapo, paa linavuja. Ukiuza pikipiki ya baba ili mjukuu wake asome, baba mwenyewe angekubariki. Uza. Lakini uza kwa bei yake, uza na kadi yake, na uza baada ya kuketi na mwanao ukamwambia baba aliitumiaje, alikwenda nayo wapi, ilimwangusha wapi. Anayekwenda nayo achukue chuma. Habari zibaki na ninyi, na nakala umpe, maana kwake pia zina faida.

La mwisho ni kazi. Mafundi wanaojua kurekebisha pointi kwa kipande cha karatasi ya sigara na kusikiliza magineto kwa sikio, hivyo vifaa vya kuleta cheche kwenye injini za zamani, wanapungua. Mwalimu wangu ameshafariki. Wenzake waliobaki mjini hapa wengine hawaoni vizuri tena, lakini mikono bado inajua. Vijana wa VETA mnasoma mambo mazuri, mnasoma injini za sasa, msome. Pamoja na hayo, njooni mshike na hizi za zamani wakati wazee bado wanaweza kusema "hapana, si hivyo, legeza kwanza." Gereji yangu itakuwa wazi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi mpaka adhuhuri. Hakuna ada. Mje na ovaroli na mje na masikio. Wazee wawili wamekubali kukaa pale kufundisha, wanachoomba ni nauli na chai.

Na leo leo, kabla hatujatawanyika, katibu ana daftari pale mlangoni. Kila mwenye pikipiki ya zaidi ya miaka 30 aandike aina yake, mwaka kama anaujua, namba ya fremu, namba ya injini, na mistari michache: nani aliinunua, alikuwa anafanya kazi gani, ilikuwa inapita njia gani. Hatuandiki bei. Ambaye namba hana leo azilete Jumamosi ijayo. Ambaye macho yamechoka, wajukuu wapo, watamwandikia. Wenye BSA na Triumph zenye nati zilizogoma wabaki kidogo upande huu wa jukwaa tupange siku ya kuwafuata nyumbani, maana nyingine hazipaswi kushushwa mlimani kabla hazijafunguliwa vizuri. Maswali tutayajibu wakati wa chai. Asanteni sana.